Nyumba na Kiwanja: Habari za Upangishaji katika Miji ya Pwani

Katika zama hizi ambapo kijana aliyejaaliwa kupata akiba yake ya kwanza, akiwa mwalimu, au mwenye duka la rejareja, au baharia aliyerudi kwao baada ya mkataba, huambiwa na kila mtu kwamba mali isiyooza ni nyumba, imekuwa desturi ya washauri kumfundisha bei ya kiwanja, hesabu ya saruji na mabati, na kodi atakayotoza kila mwezi, bila ya kumsimulia hata kidogo habari za waliomtangulia katika biashara hiyo hiyo na katika mitaa hiyo hiyo, wakachuma walichochuma na wakapoteza walichopoteza. Upungufu huo si mdogo. Upangishaji wa nyumba katika pwani yetu una umri wa zaidi ya karne moja, na mwenye kuichungua tarehe yake, kutoka Unguja hadi Mombasa na kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, ataona kwamba wengi waliopata hasara kubwa hawakuipata kwa kujenga vibaya wala kwa kukosa wapangaji, bali kwa kutolijua vyema jambo moja, nalo ni kwamba nyumba ni milki moja na ardhi iliyo chini yake ni milki nyingine, na kwamba haki ya mtu juu ya hii ya pili ndiyo inayoamua kama ile ya kwanza itasalia mikononi mwake.

Tuanze na miji ya mawe. Katika Lamu, na Mombasa ya kale, na Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba haikujengwa kwanza kwa ajili ya sokoni. Ilikuwa stara na heshima ya ukoo. Kule Lamu ilikuwa ada ya wenye uwezo kumpatia binti nyumba, au sehemu ya nyumba ya wazee, wakati wa kuolewa kwake, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wengine waliziweka nyumba zao wakfu, ili mapato yake yahudumie msikiti au yawafae vizazi vyao, nayo nyumba isiuzwe, wala isirithiwe, wala isitolewe hiba. Na sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani walihukumu kwayo, haikuona ajabu kwamba mtu mmoja amiliki ardhi na mwingine amiliki kilichosimama juu yake: shamba liliweza kuwa na mwenyewe, na minazi iliyomo ikawa na mwenyewe mwingine, na nyumba vivyo hivyo. Desturi hiyo ilikuwa ya insafu maadamu watu walijuana, na jirani alikuwa shahidi wa jirani, na neno la mzee lilitosha.

Lakini biashara ya pembe na karafuu iliposhamiri chini ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, na fedha za matajiri wa Kihindi zikawa ndizo zinazoendesha misafara ya bara na mashamba ya visiwani, nyumba zilianza kutoka mikono hii na kuingia mikono ile kwa njia ya deni. Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, watu walitumia bei ya khiyari: mwenye kuhitaji fedha alimwuzia tajiri nyumba yake kwa sharti kwamba, akirudisha thamani ile katika muda waliopatana, nyumba itamrudia, na katika muda huo aliendelea kukaa mumo humo, akilipa ijara kama mpangaji ndani ya kuta alizozijenga mwenyewe. Waraka uliandikwa, mashahidi wakatia majina yao, na kila mmoja akaondoka akiwa radhi. Muda ulipokwisha bila fedha kupatikana, ama kwa karafuu kushuka bei, ama kwa msafara kutorudi, yule aliyekuwa mwenye nyumba alitambua kwamba ijara yote aliyoilipa haikupunguza deni lake hata pesa moja. Anayeanza leo, akishawishika kuweka nyumba moja rehani ili anunue ya pili, hana budi kuukumbuka waraka ule, kwa sababu sura ya mkopo imebadilika lakini hesabu yake haikubadilika: mapato ya nyumba hayana yakini, na siku ya kulipa ina yakini.

Tarehe ya Dar es Salaam inatufundisha jambo jingine, nalo ni kuchagua mahali. Sayyid Majid bin Said alipoazimia katika miaka ya 1860 kuanzisha mji mpya kando ya bandari ile tulivu, karibu na kijiji cha Mzizima, alijenga majengo ya mawe, ambayo mojawapo lingali limesimama hadi leo na kuitwa Boma la Kale, na wafanyabiashara wakavutwa waje kujenga chini ya kivuli chake. Majid alifariki mwaka 1870, na Sayyid Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mji huo. Majengo yakaanza kubomoka na majani yakaota barazani, na aliyekuwa ameweka rasilmali yake pale kwa kutegemea matakwa ya mtawala mmoja akabaki na mawe. Hata hivyo ardhi ile ile, Wajerumani walipoifanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka hapo mwaka 1905 hadi kufika Kigoma mwaka 1914, ilipanda thamani kuliko pengine popote katika mrima wote. Basi bandari, reli, soko na ofisi ndizo zinazoleta watu, na watu ndio wanaoleta kodi. Ahadi kwamba mji utakuja ni ahadi tu, na mwenye akiba ndogo hana miaka ishirini ya kuisubiri.

Tukirejea Unguja, ng'ambo ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na bara ya kisiwa, palikua mji wa pili, ulioitwa Ng'ambo. Ulikuwapo hata kabla, lakini ulipanuka sana baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, kwa kuwa wengi waliokuwa watumwa mashambani walihamia mjini kutafuta ujira na uungwana. Sehemu ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa ya mabwana wa Kiarabu na sehemu nyingine ilikuwa wakfu, na hapo mwanzo mtu aliruhusiwa kujenga kibanda chake kwa heshima na ujirani, bila malipo au kwa malipo haba. Watu wakajenga, wakazaa, wakazika. Wakauziana nyumba na kurithishana, wala hapana aliyeona kwamba anakaa mahali pasipo pake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mambo yakageuka: viwanja viliuzwa kwa watu waliovinunua kwa ajili ya chumo, kodi ya kiwanja ikapandishwa, na wenye nyumba ambao hawakuwa na hati wala mkataba wowote wakajikuta hawana hoja mbele ya mahakama. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kwa pamoja kulipa kodi hizo, na msukosuko ukawa mkubwa hata serikali ikalazimika kuingia kati na kuweka mipaka ya kodi ya viwanja. Ushindi huo ulikuwa wa haki, lakini umoja na ghasia haviwezi kuwa badala ya karatasi, na nyumba ambayo ulinzi wake ni huruma ya mwenye kiwanja hulindwa kwa muda ule tu ambao mwenye kiwanja ni yule yule.

Inafaa sasa tuiangalie nyumba yenyewe, maana ndiyo iliyokuwa shule ya upangishaji kwa watu wa kawaida. Nyumba ya Kiswahili ya mjini hujengwa kwa mpango unaojulikana na kila mtoto wa pwani: mbele baraza, kisha mlango wa kati, kisha ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uani kuna jiko, choo, bafu, na kamba za kuanikia nguo. Boriti zilikuwa za mikoko, kuta za fito na udongo uliopigwa kwa mkono kisha ukapakwa chokaa, na paa la makuti, ambalo baadaye lilibadilishwa likawa la madebe yaliyofunuliwa au la mabati. Ubora wa mpango huu kwa mwenye mtaji mdogo ulikuwa mkubwa ajabu. Aliweza kujenga vyumba viwili vya mbele kwanza, akakaa kimoja na kupangisha cha pili, akingojea kodi na mshahara vimpe udongo na boriti za viwili vinavyofuata. Na kila chumba kilikuwa na mlango wake ukumbini, hata mpangaji mmoja alipohama wengine hawakusumbuka. Katika wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi, wajane na wenye talaka, ambao baada ya kuuza maandazi au kushona kofia kwa miaka mingi walipata nyumba moja, wakaishi katika chumba kimojawapo na kutunzwa na vitano vilivyosalia hadi siku ya mauti yao.

Tuichukue hesabu ya nyumba kama hiyo kwa mfano tu, ili anayeanza aone faida inakotoka na inakovuja. Tuseme vyumba vitano vinapangishwa kwa shilingi 10 kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 600, na mwenye tamaa huishia hapo. Lakini kodi ya kiwanja, tuseme shilingi 5 kwa mwezi, ni 60. Chumba kimoja kikikaa kitupu miezi mitatu, ni 30. Mpangaji mmoja akihama usiku na deni la miezi miwili, ni 20. Na kuezeka upya upande mmoja wa paa, kukandika ukuta uliomong'onyoka kwa masika, na kumlipa fundi wa choo, hakuna mwaka utakaopita chini ya 120. Zinabaki 370. Aliyenunua nyumba kwa kuhesabu 600 amekwisha kupotea kabla ya kupokea ufunguo. Wenye nyumba wa zamani waliishi ndani ya mali yao, na kwa hiyo waliuona ufa ukiwa bado ni ufa, wakamjua mpangaji mwenye dhiki ya kweli na mpangaji mwenye hila. Anayepangisha kwa mbali, kwa mkono wa dalali, hana budi kuyatafuta maarifa hayo kwa njia nyingine, na asipuuze usemi wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mombasa ndiko jambo la nyumba na ardhi lilikofika ukomo wake, na mpaka leo lipo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wote wenye kudai ardhi katika ukanda wa maili 10 wa pwani, ukanda ambao ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na ukawekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895, wapeleke madai yao mbele ya msajili. Na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua kuandika, na waliokuwa na mawakili, na waliokaa mjini karibu na ofisi, walidai wakapewa hati. Wengi wengine, ambao ushahidi wao ulikuwa makaburi ya babu zao na miembe waliyoipanda, hawakwenda, au walikwenda wakiwa wamechelewa. Wakati huo huo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na gati za Kilindini zilizofuata, zilileta maelfu ya vibarua kutoka bara na kutoka ng'ambo ya bahari, nao wote walihitaji mahali pa kulala. Ndipo mtaa wa Majengo na mingineyo ya mfano wake ilipoenea kwa mpango ambao watu wa Mombasa huuita nyumba bila ardhi: mwenye hati hukigawa kiwanja chake vipande, kila kipande akamkodisha mtu kwa malipo ya kila mwezi, na mtu huyo akajenga nyumba ya Kiswahili kwa gharama zake, akapangisha vyumba, akaiuza nyumba akitaka, akairithisha wanawe, lakini chini ya miguu yake hana hata pima moja ya ardhi.

Mpango huu uliwafaa wengi, na si haki kuulaumu kwa jumla. Pasipo huo, mpagazi wa bandarini asingalipata kabisa nyumba ya kuita yake. Kasoro yake ilikuwa katika mgongano wa sheria mbili: desturi ya pwani ilikubali kwamba nyumba ni ya aliyeijenga, lakini sheria ya Kiingereza ilikwenda kwa kanuni kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mwenye nyumba akawa daima na hofu ya ilani ya kuondoka, na kwa sababu ya hofu hiyo hakuthubutu kujenga kwa mawe wala kuchimba choo cha kudumu. Na kwa kuwa hakujenga vizuri, kodi yake haikupanda na wapangaji wake hawakupata afya. Mshahara wa kibarua nao haukutosha kodi. Katika mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939, na tena katika mgomo mkuu wa Januari 1947, dhiki ya makazi ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya wafanyakazi. Hapa mwenye kupangisha ajifunze kwamba kodi haina chemchemi nyingine ila mfuko wa mpangaji, na kwamba mtaa ambao mishahara yake imesimama hauwezi kuzaa kodi inayopanda, hata nyumba ikipakwa rangi mara ngapi.

Kule Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa namna ya tatu. Wajerumani, karibu na kuanza kwa vita vya mwaka 1914, walinunua shamba kubwa nyuma ya mji, ambako Waafrika walikuwa wakijenga kwa kulipa kodi kwa mwenye shamba wa Kizungu, wakalipima kwa mistari iliyonyooka ili liwe mtaa wa Waafrika hao. Waingereza wakaja wakaweka hapo wapagazi wa jeshi, na mtaa ukaitwa Kariakoo. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ardhi ya Tanganyika iliwekwa chini ya mamlaka ya Gavana, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikiwa kwa hati za zama za Wajerumani, na mwananchi aliyetaka kiwanja alipata haki ya kukitumia kwa muda na kwa masharti, si milki kamili. Mwenye kiwanja akawa serikali. Wenye nyumba wa Kariakoo na Ilala walinusurika na mwenye kiwanja mwenye pupa, lakini walijifunza kwamba serikali nayo ni mwenye kiwanja mwenye mipango yake. Na katika Vita Vikuu vya Pili, makazi yalipoadimika mno mjini, ziliwekwa amri za kuzuia kodi zisipande, na papo hapo kikazuka kilemba, yaani fedha ya kando anayotozwa mpangaji ili akabidhiwe ufunguo, jambo ambalo lilimwumiza fakiri na kumfanya mwenye nyumba mwongo katika daftari zake.

Uhuru ulipokuja, dola mpya ziliiona ardhi kuwa amana ya umma. Tanganyika mwaka 1963 ilizigeuza hati za milki kamili kuwa za kukodi kwa serikali kwa miaka 99. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaitangaza ardhi yote kuwa ya serikali, na sehemu za Ng'ambo zikabomolewa ili yajengwe magorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kisha mwezi wa Aprili 1971 Tanzania Bara ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 hayakulipiwa fidia. Serikali ilikuwa na hoja yake, kwamba haifai wachache waishi kwa jasho la wengi, na wenye majengo walikuwa na huzuni yao. Lakini aliyeishi mwenyewe katika nyumba yake pasipo kuipangisha hakuguswa, wala ajuza wa Kariakoo mwenye vyumba sita vya udongo.

Kutokana na habari hizi zote, ushauri kwa anayeanza unajipanga wenyewe, na wa kwanza unazidi mingine yote. Kabla ya kuuliza bei, uliza haki: ni hati miliki, na muda wake umebaki miaka mingapi, au ni leseni ya makazi, ambayo muda wake ni mfupi, au ni karatasi ya mauziano iliyotiwa muhuri na mjumbe, au ni nyumba bila ardhi, au ni wakfu, ambao hauuziki kabisa. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi ukapekue daftari, umwone aliyeandikwa, na uone kama kuna rehani juu yake. Uliza majirani na warithi, kwa maana nyumba nyingi za pwani ni za mirathi, na ndugu mmoja aliyeghibu akirudi anaweza kuivunja bei iliyofungwa na ndugu watano. Mpate mwenzi wa muuzaji athibitishe kwa saini yake. Lipa kwa njia inayoacha athari, mbele ya mwanasheria na mashahidi walio hai na wanaojulikana mahali wanapokaa.

Ushauri wa pili ni wa mwendo. Aliyejenga chumba baada ya chumba kwa akiba yake alichelewa kufika, lakini hakulala akimwota mdai. Na aliyekaa ndani ya nyumba yake huku akipangisha sehemu yake aliijua biashara yake kwa macho na masikio. Mwanzo wa namna hiyo bado unawezekana leo, pembeni ya miji yetu inayopanuka, kwa mtu aliye tayari kununua kiwanja kilichopimwa mahali ambapo barabara na maji vimekwisha kufika. Wala asichukue kodi yote akaila. Aweke kando sehemu ya ukarabati kila mwezi kabla ya kugusa faida, na asidharau ufa, maana asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Na ushauri wa tatu ni wa uadilifu, nao si pambo la maneno. Mwaka 1928 Unguja, na miaka ya 1939 na 1947 Mombasa, ni ushahidi kwamba mpangaji aliyekandamizwa hafiki mwisho wa subira yake peke yake. Hufika na mtaa mzima. Mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaifahamu, stakabadhi kwa kila malipo, ilani ya kutosha kabla ya kodi kupanda, na choo kinachofanya kazi, ni gharama ndogo kuliko mahakama na kuliko chumba kitupu. Biashara hii humweka mtu juu ya usingizi wa watu wengine, na anayeiingia kwa kuijua haki ya ardhi yake na haki ya mpangaji wake kwa pamoja atakuwa amepata kwa kusoma kile ambacho vizazi vitatu vya pwani vilikinunua kwa mali zao.